Haki ya Kujibu

Kibao cha mlangoni kilikuwa na maneno mengi kuliko viti vilivyokuwa ndani ya ofisi yenyewe. Inspekta alikisoma mpaka mwisho: Kitengo cha Utafiti wa Haki ya Kipindi cha Mpito na Utambuzi wa Madhila ya Zamani. Nyuma yake Sajenti, ambaye kituo kizima kilimwita Kiberiti kwa jinsi alivyowaka haraka, alikuwa bado anahema kwa ajili ya ngazi.

"Mpito wa kwenda wapi, afande?"

"Gonga mlango, Kiberiti."

Inspekta hakuwa na hamu ya mzaha. Asubuhi hiyo binti wa yule mzee aliyepotea alikuwa amerudi tena kituoni, sare ya unesi bado mwilini, macho mekundu. Hospitali zote alikwisha zizunguka. Chumba cha maiti alikwisha ingia, akafunuliwa shuka moja baada ya nyingine, akatoka mikono mitupu na kushukuru kwa kutoka mikono mitupu. Baba yake alikuwa mchapaji mstaafu, na mtaani walimwita Mzee Chapa. Aliondoka nyumbani mwanzoni mwa wiki na tangu hapo hakuna aliyemtia machoni.

"Baba hana maadui, afande," binti alisema. "Hana hata rafiki wa kugombana naye. Ana mimi tu. Ila kuna watu wa chuo walikuja na kinasa sauti. Amewaambia mambo ambayo mimi hajawahi kuniambia; niliyasikia nusu nusu nikiwapelekea chai. Miaka yote hii mimi nilijua vidole vyake vilipondwa na mashine ya chapa."

Inspekta alimwonea huruma kweli kweli. Hata hivyo huruma haikumzuia kwenda kuipekua nyumba. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Koti zuri halikuwepo, wala vidonge vya presha, wala wembe wa kunyolea ndevu. Simu ilikuwa mezani, kwa sababu mzee hakuipenda. Mtu anayetekwa habebi wembe, Inspekta aliwaza, lakini pia yuko mtu anayeweza kukwambia kwa upole kabisa kusanya vitu vyako tuondoke, na huyo ndiye wa kuogopwa zaidi.

Jirani naye alikuwa na la kusema. Siku moja kabla ya Mzee Chapa kutoweka, mzee mmoja mtanashati, mwenye kofia, alibisha hodi kwake. Walizungumza mlangoni kwa sauti ya chini, kisha mlango ukafungwa, na mgeni akabaki nje akiutazama.

"Hakumkaribisha ndani?" binti aliuliza kwa mshangao. "Haiwezekani. Baba hata akija mwuza ndoo humpa kiti kwanza ndipo waanze kupatana bei."

Kwa hiyo, alikuwepo mtu mmoja duniani ambaye Mzee Chapa hakuweza kumpa kiti. Inspekta aliliweka hilo moyoni, akaja kugonga mlango huu wenye jina refu.

Profesa aliwapokea kwa mikono miwili. Alikuwa mwembamba, miwani juu ya kipaji cha uso, na alikuwa na ile tabia ya wasomi ya kukubaliana na swali kabla halijaisha.

"Usalama wa mashahidi kwetu ni jambo la kwanza, Inspekta. La kwanza kabisa. Majina hatuandiki. Kila shahidi ana namba. Tunaondoa mtaa, tunaondoa kazi, tunaondoa hata majina ya watoto."

"Na nani anajua namba ipi ni ya mtu yupi?"

"Mimi peke yangu." Akafikiri. "Na dereva wetu, kwa maana ya kwamba anazijua nyumba tulizofika."

Kiberiti alikohoa kikohozi ambacho Inspekta alikifahamu vizuri. Kilikuwa na maana kwamba kesi imekwisha na twendeni tukale.

"Nataka kusikia alichosema Mzee Chapa," Inspekta alisema.

"Hapo unanipa mtihani. Tulimwahidi siri."

"Profesa, mliyemwahidi hayupo. Akipatikana akiwa hai nitamwomba radhi mwenyewe."

Profesa alisita, akashusha miwani, akainuka kufunga dirisha. Kisha akabonyeza kompyuta na sauti ya mzee ikajaa chumbani, sauti tulivu kama ya mtu anayemwelekeza mgeni njia. Ilieleza habari za ghala moja lililogeuzwa kuwa mahabusu, zama zile ambazo watu walichukuliwa kwa sababu ya karatasi walizochapa. Ilieleza chumba kidogo mwishoni mwa ghala. Siku moja afisa mmoja aliwatoa walinzi wote nje, akafunga mlango kwa ndani. Akafungua droo ya meza, akamwambia mchapaji aweke vidole pale ukingoni, akaifunga droo kwa goti. Mkono wa kulia, halafu wa kushoto. Alipomaliza akatoa chungwa mfukoni, akalisukuma juu ya meza, akasema: menya, ukilimenya utarudi kwa wenzako.

"Nililimenya kwa meno," ilisema sauti ya mzee, na Profesa akabonyeza tena, akaizima.

Kiberiti alikuwa anatazama sakafu. Inspekta alihisi hasira yake mwenyewe ikimpanda na akaiacha ipande, maana alijua itashuka yenyewe na kumwachia kazi ya kufanya.

"Sauti hii imesikiwa na nani nje ya ofisi hii?"

"Haijasikiwa na mtu," Profesa alijibu papo hapo. "Naapa."

Hakuwa anadanganya. Inspekta alikwisha kaa na waongo wengi mno kiasi cha kumtambua mtu anayesema kweli, na kweli ya huyu bwana ilimkera kwa sababu haikumpeleka popote. Angeuliza tena, lakini wakati huo Kiberiti, aliyekuwa amesogea dirishani, aliguna.

"Dereva wenu anavaa shati la bluu?"

"Ndiyo."

"Basi anatukimbia."

Sajenti aliteremka ngazi kwa kasi ambayo hakuwa nayo wakati wa kupanda. Inspekta alipofika uani, dereva alikuwa amekwisha bananishwa kwenye boneti ya gari la chuo, mikono juu, na Kiberiti alikuwa anawaka sawasawa.

"Mwambie afande ulichokuwa unakimbia! Ulimpeleka mzee wa watu wapi?"

"Mzee gani? Sijampeleka mzee yeyote!"

"Gari hili limeonekana mtaani kwa Mzee Chapa wiki iliyopita, Profesa akiwa hapa hapa ofisini. Nimeuliza mimi mwenyewe. Utasema ni pacha wake?"

 Jasho jembamba lilimtoka dereva juu ya mdomo.

"Magodoro," alisema.

"Nini?"

"Nilibeba magodoro, afande. Ya shemeji yangu. Amehamia mtaa ule ule. Nilitumia gari la ofisi bila ruhusa, na nilipoona polisi nikajua Profesa amenishtaki." Akageuka kwa Inspekta, kama mtu anayekata rufaa. "Mama, mpigieni simu shemeji. Mpaka leo ananilaumu kwamba moja lilichanika."

Shemeji alipigiwa. Alithibitisha magodoro, akathibitisha na kuchanika, akataka kujua kama polisi wanashughulikia fidia. Kiberiti alikata simu, akazima ghafla kama alivyowaka.

"Sawa," Inspekta alisema. Alimwashiria dereva ashushe mikono. "Tuachane na magodoro. Karibuni hivi umempeleka Profesa wapi, kwa kazi ya utafiti?"

"Kwa mashahidi, mama. Na mara moja kwa mstaafu fulani, upande wa pili wa mji."

"Naye ni shahidi?"

Dereva alijifuta jasho kwa mkono wa shati. "Mimi huwa nabaki garini. Lakini kwa mashahidi Profesa akitoka hazungumzi njia nzima. Siku mbili tatu anakuwa hali chakula. Kwa yule mstaafu alitoka anapiga mluzi. Akaniambia sasa sura ya kitabu imekamilika, tunaweza kuchapisha."

Kiberiti alitaka kusema kitu, Inspekta akamzuia kwa kidole. Kitu gani kilichokuwa kimekamilika? Utafiti unaohitaji wiki za kubembeleza wazee wafungue vinywa unakamilikaje kwa ziara moja kwa mtu ambaye hamwachi mtafiti hata na simanzi? Alizipanda tena ngazi zile, na safari hii hakubisha hodi.

Profesa alikuwa bado kwenye kiti kile kile.

"Mstaafu uliyemtembelea upande wa pili wa mji ni nani?"

"Ah, yule." Uso wa Profesa ulichangamka kidogo. "Ni sehemu ya taratibu zetu. Unajua, Inspekta, watu hutulaumu kwamba sisi ni wachochezi, kwamba tunasikiliza upande mmoja. Kwa hiyo kila anayetuhumiwa tunampa haki ya kujibu kabla hatujachapisha. Ni jambo la uadilifu. Wenzetu wengi hawafanyi hivyo."

"Mnampaje hiyo haki?"

"Namsomea sehemu inayomhusu. Imekwisha safishwa, bila shaka. Hakuna jina, hakuna mtaa, hakuna kazi. Shahidi anakuwa kivuli tu."

"Ulimsomea habari ya chungwa?"

"Nilimsomea. Hakukana. Aliniomba maji, akasema hana la kuongeza. Kwa mtafiti, mtu kutokukana ni hatua kubwa sana! Ni mwanzo wa kukiri."

Inspekta alivuta kiti na kukaa mbele yake, magoti karibu yagusane. Hakupandisha sauti.

"Profesa, siku ile ghalani, afisa aliwatoa walinzi nje."

"Ndiyo."

"Akafunga mlango kwa ndani. Chumbani wakabaki wangapi?"

"Wawili."

"Mmoja ndiye aliyekusimulia. Wa pili ndiye uliyekuwa unamsomea."

Profesa alifungua mdomo kukubali, kama kawaida yake, na ukabaki wazi. Akavua miwani. Akaivaa. 

"Niliondoa kila kitu," alinong'ona.

"Umemficha kwa nchi nzima, isipokuwa kwa mtu mmoja ambaye hakuhitaji kuambiwa jina. Anaishi wapi?"

Njiani Kiberiti aliendesha kwa kasi. Inspekta aliikagua bastola yake, akairudisha kiunoni. Alikuwa anaikusanya picha na haikumpendeza. Mzee mwenye kofia anasomewa siri yake. Anamtafuta mchapaji, pengine kwa wastaafu wenzake wa kiwanda cha uchapaji, jambo lisilo gumu. Anakwenda kwake, anafungiwa mlango. Kesho yake mchapaji hayupo. Mtu aliyefunga droo kwa goti akiwa kijana ana sababu zote za kutaka mdomo mmoja usifunguke tena. Wembe na vidonge ndivyo vilivyokataa kuingia kwenye picha hiyo, na Inspekta aliogopa kuviamini.

Nyumba ilikuwa ya kawaida kabisa, ukuta mfupi, geti lililopakwa rangi karibuni, baiskeli ya mtoto imelala uani. Mwanamke wa makamo alifungua, aproni kiunoni, akatabasamu kabla ya kuziona sare. Alipoziona, tabasamu lilibaki lakini likawa na wasiwasi.

"Karibuni. Mnamtafuta baba?"

"Yupo?"

"Yupo ndani na mgeni wake."

"Mgeni gani, dada?"

"Rafiki yake wa zamani. Walifanya kazi pamoja wakati baba alipokuwa mtunza stoo kwenye lile ghala la serikali." Akashusha sauti. "Nashukuru sana alivyokuja kukaa nasi. Baba tangu mama afariki hana wa kuongea naye. Ingawa wiki hii hali chakula vizuri. Labda ni hili joto."

Inspekta na Sajenti walitazamana. Kisha Inspekta akaingia haraka kuliko adabu inavyoruhusu.

Sebuleni, kwenye meza ya kulia chakula, wazee wawili walikuwa wamekaa wakielekeana. Mmoja alikuwa pande la mtu, ndevu za siku kadhaa zimemwota ovyo, macho yamemwingia ndani. Wa pili alikuwa mdogo, amenyoa vizuri, koti limefungwa vifungo vyote, na mikono yake ilikuwa mezani, kila kidole kimeelekea upande wake. Alikuwa hai. Inspekta alifurahi, na mara hiyo hiyo akakasirika.

"Mzee Chapa! Binti yako amekutafuta mpaka chumba cha maiti!"

Uso wa mzee ulisawijika. "Maskini mwanangu," alisema. "Nilidhani ni kazi ya siku moja. Ningemwambia, angenizuia."

Kiberiti alikuwa ameshatoka uani na simu sikioni. Sauti yake ilisikika mpaka ndani, nene na yenye mtetemo: "Yu hai, dada. Nakwambia yu hai, usilie, amekaa hapa amevaa koti."

Yule mzee mkubwa aliinama kwa Inspekta, akanong'ona haraka haraka, jicho moja kwenye mlango wa jikoni ambako binti yake alikuwa ameelekea.

"Afande, mtoeni huyu mtu nyumbani kwangu. Nakuomba."

"Amekutishia?"

"Hapana."

"Amekupiga? Amekuibia?"

"Hapana, hapana. Amekaa tu! Anakula na wajukuu wangu. Binti yangu anamwuliza habari za zamani, na yeye hajibu, ananitazama mimi. Kila mlo. Siwezi kumfukuza, nitamwambia nini binti yangu?"

Inspekta alimgeukia Mzee Chapa. "Umekujaje hapa?"

"Alikuja kwangu kuniomba radhi," Mzee Chapa alisema. Yeye hakunong'ona. "Alisimama mlangoni akitazama barabarani, jirani asisikie. Akaniomba niwaambie watu wa chuo wayafute niliyowasimulia. Nikamwambia radhi ya kunong'onezwa mimi siipokei. Akaniachia anwani, kwamba nikibadili mawazo nije. Nimebadili. Nimekuja na nguo zangu."

"Na unataka nini, mzee wangu?"

"Aseme mbele ya mtu anayempenda. Basi. Kufungwa sitaki afungwe, amezeeka kama mimi. Kitabu cha Profesa nacho sitakisoma, macho yenyewe ndiyo haya. Humo mimi ni namba na yeye ni namba. Binti yangu habari zangu amezisikia nikiwasimulia wageni, na limeniuma hilo, nimekosea. Wa kwake azijue kwa baba yake."

Inspekta alikuwa amekuja na bastola na pingu, na hapakuwa na wa kutiwa pingu. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kukuta aliyepotea ndiye aliyemzingira mtekaji. Kisheria mambo yalikuwa wazi: nyumba ina mwenyewe, na mwenyewe akisema mgeni atoke, mgeni hutoka. Alivuta kiti, akakaa upande wa tatu wa meza, akatoa kalamu.

"Ni haki yako, mzee," alimwambia yule mkubwa. "Nikimtoa mtu nyumbani kwako, lazima kuwe na malalamiko. Na malalamiko yana maswali yake."

"Uliza, afande. Uliza upesi."

Mlango wa jikoni ulifunguka. Binti aliingia na sinia la chai, akasimama aliposikia.

"Malalamiko gani, baba?"

Inspekta angeweza kumwomba awapishe kidogo. Utaratibu ulimruhusu. Alifikiria yule binti mwingine akifunuliwa shuka moja baada ya nyingine, akaamua kutomwomba.

"Unamfahamu mtu huyu?"

"Namfahamu," mzee alisema.

"Mlifahamiana wapi?"

"Ghalani. Wakati ule."

"Yeye alikuwa nani pale?"

Mzee alijishika kichwa. 

"Mfungwa."

"Mfungwa?" Binti alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayengoja kuelezwa. "Si mlifanya kazi pamoja?"

"Na wewe, mzee," Inspekta alisema, "kazi yako pale ilikuwa nini?"

"Mtunza stoo," binti alimjibia, kwa haraka, kama anayemkinga mtoto barabarani. "Baba alikuwa mtunza stoo, afande. Aligawa vyakula. Si waambie, baba! Mbona unanyamaza?"

Mzee alimtazama Inspekta, akakuta kalamu inangoja. Alimtazama Mzee Chapa, akakuta anatazamwa. Mwishowe alimtazama mwanawe.

"Mama," alisema, "weka hilo sinia chini. Sikuwa mtunza stoo."

Mzee Chapa alisogeza kiti chake karibu na meza.

"Endelea," alisema.